Kurasa za Mwisho Zilifungiwa Karanga

Watu wakinisikia nikisema kwamba kitabu kilichonifanya nipende vitabu ni hadithi za watoto wa kijiji cha Ulaya ya kale, wananitazama kwa mashaka. Wanadhani nilisomeshwa na masista. Mimi nimekulia Kariakoo, mtaa wa nyuma ya barabara ya Msimbazi, katika nyumba ya vyumba sita, wapangaji sita na choo kimoja. Na kitabu chenyewe kililetwa nyumbani kufungia karanga.

Aliyekileta ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Alikuja kwetu kutoka Rufiji mkesha wa Maulidi, na mfuko mmoja na mkeka, akasema amekuja kutusalimu. Mama alikuwa mjane tayari, anauza vitumbua barazani. Dada yangu alikuwa kidato cha pili, mimi niko darasa la nne. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo mjomba alilala ukumbini karibu na mlango wa uani, na tukazoea kumruka asubuhi tukienda kunawa. Salamu zake hazikuisha. Mfungo ulipita, Idi ikapita, na mjomba yuko palepale, anakaanga karanga kwa mchanga uani na kwenda kuziuza sokoni kwenye sinia.

Kuuza karanga kwenye sinia hakukuhesabiwa kuwa kazi. Miaka ile mtu mwenye nguvu zake alitakiwa awe na kazi inayojulikana mjini, la sivyo arudi kijijini akalime na wenzake. Mgambo walisimama kwenye njia panda wakauliza watu vitambulisho, na asiyekuwa nacho alipandishwa lori. Sitaki kumsema mtu. Shuleni tuliimba nyimbo za kijiji cha ujamaa, jembe na shamba la pamoja, na nilikuwa naimba kwa sauti kuliko wote. Nyimbo zile nazipenda mpaka leo, ila siwezi kuziimba zikaisha bila kumkumbuka mjomba.

Mtu akituuliza, tulikuwa na jibu moja nyumba nzima, tangu sisi mpaka wapangaji wa Kichaga wa chumba cha mbele: huyu ni mgeni, amekuja hospitali. Hakuna aliyetufundisha. Hata balozi wa nyumba kumi, mzee aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani analala wapi, aliuliza mara moja tu, akajibiwa hospitali, akasema Mungu amjalie afya. Baada ya hapo alicheza bao na mjomba karibu kila Ijumaa na hakuuliza tena huo ugonjwa umefikia wapi. Mjomba alikuwa na kifua cha kubebea magunia.

Kwa nini hakutaka kurudi, hakutuambia yeye. Mama ndiye aliyetuambia, siku moja anachambua mchele, bila kuinua kichwa. Walikuwa wamehamishwa kutoka bondeni, kwenye mashamba yao ya mpunga kando ya mto, wakapelekwa kijiji kipya kilichopimwa kando ya barabara. Mvua zikawakuta wamejenga kuta lakini hawajaezeka. Mjomba alikuwa na binti wa rika langu. Binti huyo ndiye aliyekuwa akikaa naye kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo watu wa kwetu hukaa kulinda mpunga usiliwe na ndege. Alishikwa na homa ndani ya kibanda kisicho na paa, akafa kabla mvua hazijakata. Mkewe akarudi kwao. Mama alimaliza kuchambua mchele akaniambia nikateke maji.

Sasa kitabu. Wauza karanga walinunua karatasi kwa wenye maduka wa Kariakoo kwa uzito: magazeti ya zamani, madaftari yaliyojaa, vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka. Kitabu kilichanwa kuanzia nyuma, kwa sababu ukianza mbele jalada linakusumbua na uzi unafumuka wote. Siku moja mjomba alikuwa amekaa upande wa pili wa soko jipya, anachana na kusokota, anachana na kusokota, wateja wanapokea, mpaka akafika kwenye ukurasa wenye picha. Mtoto wa kike amesimama katikati ya shamba, amebeba mawe kwenye aproni, mkono umeinuliwa, na ndege wametimka juu ya nafaka kundi zima.

Mjomba aliacha kuchana. Alirudi nyumbani na karanga nusu sinia.

"Mbona umerudi nazo?" mama alimuuliza.

"Karatasi zimeisha, dada."

"Na hicho ulichoshika mkononi ni nini?"

"Hiki si karatasi," mjomba akasema. "Hiki kitabu."

Mama alimwambia kwamba wenzake wanafungia karanga hata vitabu vya hesabu, na akamwita majina mawili matatu ambayo ndugu huitana. Lakini dada yangu alikuwa amekwishakinyakua. Kilikuwa cha Kiingereza. Alitusomea uani mchana uleule, mjomba akisokota karatasi za gazeti kuukuu alizoomba kwa mpangaji wa mbele, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu: tukirudi shule, tukishakula, dada anasoma mstari kwa Kiingereza, anafikiri, kisha anatupa Kiswahili chake.

Kitabu kilihusu kijiji kimoja tu, cha mamia ya miaka iliyopita, na kila sura ilikuwa na mtoto wake. Mtoto wa msaga nafaka, mtoto wa mhunzi, wale mapacha waliochunga mabata. Juu ya kilima alikaa bwana mkubwa mwenye ngome na ardhi yote ilikuwa yake. Wanakijiji walimlimia siku kadhaa kila wiki, na siku zilizobaki ndizo walizolima vyao.

"Na huyo anayezunguka kuwasimamia nani?" mjomba aliuliza.

Dada alitafuta neno. "Ni mwanakijiji mwenzao. Amechaguliwa awaangalie wengine."

"Basi sema balozi wa nyumba kumi, mwanangu, unatuzungusha nini."

Alicheka mwenyewe. Alikuwa na cheko la watu wa bondeni, linaanza chini na linachelewa kufika. Sura ya mkate ilisema kijiji kizima kilikuwa na tanuri moja, la bwana, na hakuna aliyeruhusiwa kuoka kwake. Mjomba akasema hilo ndilo duka la kijiji, analijua, ukifika sukari imeisha. Tulipofika mahali ambapo familia ililala nyumba moja na nguruwe, alinyanyua mkono.

"Ndani kabisa?"

"Ndani, mjomba. Kwa ajili ya joto."

"Hapo ruka."

Dada akaruka, na mpaka leo sijui yule mtoto aliyelala na nguruwe aliishia wapi.

Lakini sura aliyoitaka ilikuwa ile ya mtoto anayefukuza ndege. Tuliisoma mpaka nikaikariri kwa Kiswahili cha dada. Mtoto anaamka kabla ya jua, anakwenda shambani peke yake, analia njiani kwa baridi, anaimba ili asiogope. Mjomba alimkosoa kama mtu aliye mbele yake. Asisimame jua likiwa usoni. Mawe hayafai, apewe kombeo. Na kwa nini hawajamjengea dungu, baba yake yuko wapi? Kisha akaendelea kusokota karatasi ambazo hazikuwa na karanga ndani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na nilijua anamwona nani. Niliona wivu, nasema kweli. Nilimwonea wivu marehemu.

Tukaifikia sura ya mwisho, yaani ya mwisho iliyobaki. Hii ilikuwa ya mvulana aliyetoroka. Katika kijiji kile hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuhama. Ukizaliwa pale, wewe ni wa pale, wewe na watoto wako, na ukikimbia bwana anatuma watu wakurudishe. Lakini kulikuwa na njia moja. Ukifika mji wenye ukuta ukakaa humo mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, unakuwa mtu wa mji, na hakuna tena mwenye haki ya kukugusa. Mvulana aliingia mjini amejificha kwenye mkokoteni wa ngozi, akapata kazi kwa fundi viatu, akawa anatoka kwa uchochoro wa nyuma.

Mjomba aliweka sinia chini. Alikuwa na uchochoro wake pia, kati ya nyumba yetu na ya Mhindi wa mbao, na hakuna asubuhi aliyotoka kwa mlango wa mbele.

Dada alisoma polepole. Mwaka wa yule mvulana ukaisha. Ikafika asubuhi ya ile siku moja. Mvulana akaamka, akavaa viatu, na ukurasa ukaisha.

"Enhe," mjomba akasema.

"Hakuna enhe, mjomba. Kurasa zimekwisha. Umezifungia karanga."

Tulicheka wote, na yeye akacheka kuliko sisi. Akasema kuna mtu Kariakoo hii amekula karanga, akajifutia mikono uhuru wa mtoto wa watu, akautupa mtaroni. Lakini kesho yake aliuliza tena. Na keshokutwa. Alimuuliza dada kama sheria ile ilikuwa ya kweli au ni ya hadithi tu. Dada alimwambia mwalimu wao wa historia amesema ni kweli, ilikuwapo, ila zamani sana na kwa Wazungu.

"Sheria zetu hizi za mahakamani zimeandikwa kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Na waliotuachia nani?"

"Mjomba, si hivyo."

"Nauliza tu. Kama bwana wa ngome, na ubaya wake wote, alikuwa na utu wa mwaka na siku moja, sisi wajamaa tutashindwa?"

Sikumwona kama mjinga siku ile na simwoni hivyo leo. Hakuamini kwamba kuna karatasi ofisini yenye maneno hayo. Aliamini kwamba mtu akishakaa mahali mwaka mzima, akala na watu, akazika nao, akacheza nao bao, basi amekuwa wa mahali hapo, na kwamba kila mwenye akili anajua hivyo. Kitabu kilimpa tu hesabu ya siku. Na mwisho uliokosekana aliutunga mwenyewe, tena kwa uhakika: mvulana amevaa viatu kwa sababu anakwenda kwa mkubwa wa mji kujitambulisha. Angekwenda wapi kwingine? Mtu mwenye adabu akishakuwa mwenyeji anapiga hodi kwa mwenye mtaa, anasema nipo. Kuendelea kujificha baada ya hapo ni kumvunjia mtu heshima.

Maulidi ikarudi. Tulikwenda kusikiliza kasida, tukala pilau, mjomba akawa mchangamfu mno. Ulipopita mkesha aliofika kwetu na siku moja juu yake, alivaa kanzu aliyoazima, akachagua karanga nzima nzima, akazifunga kwenye karatasi nyeupe ya duka ambayo haijaandikwa kitu. Mama alikuwa sokoni kununua mchele wa vitumbua. Dada alikuwa shule, mimi nilikuwa na likizo ya surua. Mjomba alinishika mkono tukatoka kwa mlango wa mbele.

Balozi alikuwa amekaa barazani kwake na kijana mmoja ambaye sikumfahamu, wanakunywa kahawa.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu. Leo umependeza."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Mjomba hakukaa. "Mzee, nimekuja kujitambulisha."

Balozi alimtazama, kisha akamtazama yule kijana, kisha akarudi kwa mjomba. "Kujitambulisha tena? Mimi si nakujua. Wewe mgeni wa mama vitumbua, umekuja hospitali."

"Nilikuwa mgeni, mzee. Nimetimiza mwaka na siku moja. Naomba uniandike mtu wa hapa."

"Umesimama juani, kichwa kitakuuma. Nenda nyumbani kapumzike, tutaongea."

"Nimepumzika mwaka mzima, mzee wangu."

Sasa ninaelewa jinsi yule mzee alivyojitahidi. Alikuwa anamfungulia mjomba mlango wa kutokea na mjomba anaufunga kwa heshima. Kijana aliweka kikombe chini.

"Ndugu, unafanya kazi wapi?"

"Nauza karanga," mjomba akasema kwa furaha, na akampa yeye zile zilizokuwa za balozi. Kijana alizifungua, akaanza kula, akauliza nyumba yetu ni ipi. Mjomba akamwonyesha kwa kidole. Balozi alikuwa anaangalia kikombe chake.

Walikuja asubuhi iliyofuata, mgambo wawili na yule kijana, kwa upole kabisa. Kwa nini wafanye vurugu? Mtu mwenyewe alikuwa amekaa barazani anawangoja wamletee kibali. Lori lilisimama karibu na kituo cha mafuta, limejaa tayari, wanaume wamekaa wameinamisha vichwa. Mama alikimbia na mkeka wake na kanga moja, akamrushia. Alimwita jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mjomba hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyesahau kitu nyumbani anajaribu kukumbuka ni nini.

"Kile kitabu msikichane," alimwambia dada.

Lori likashuka Jangwani. Mama alikaa chini barabarani, palepale kwenye vumbi, mpaka watu wakaja kumwinua.

Dada ndiye aliyegundua habari ya siku. Alikaa na kalenda ya ukutani ya duka la vitambaa, akahesabu, akahesabu tena, halafu akaanza kulia kwa sauti kiasi kwamba wapangaji walitoka vyumbani. Mjomba alikuwa amehesabu Maulidi mpaka Maulidi. Alikuwa amehesabu kwa mwezi, kama mama, kama watu wote nyumbani kwetu wanavyohesabu mambo ya maana, na mwaka wa mwezi ni mfupi. Mwaka wa kitabu ulikuwa wa kalenda ile ya ukutani. Zilibaki siku kumi na kitu. "Hazikutimia," dada alikuwa anasema. "Siku zake hazikutimia." Mama akamwambia anyamaze, lakini najua naye alishika neno hilo. Lilitusaidia. Lilikuwa kosa la hesabu, na kosa la hesabu halina wa kumchukia.

Habari zake zilitufikia msimu uliofuata wa mavuno, kwa mtu wa kwao aliyeleta samaki wakavu. Mjomba hakukaa kijiji kipya hata mwezi. Alirudi bondeni peke yake, kwenye shamba lake la zamani, akalima, akajenga dungu. Alikutwa maiti humo humo juu. Homa, walidhani, hakuna aliyejua alikuwa amelala kwa muda gani. Mpunga ulikuwa umeiva, na ndege walikuwa wameumaliza.

Mama alifunga biashara ya vitumbua na hakuifungua tena mpaka Ramadhani. Dada hakusoma tena uani. Kitabu alikiweka chini kabisa ya sanduku la nguo, na alipoolewa aliondoka nacho.

Mimi nikawa mwalimu. Miaka mingi baadaye, nimekwenda maktaba mjini kutafutia darasa langu vitabu, nilitoa kimoja rafuni kwa sababu ya rangi ya jalada, kikafunguka penye mtoto wa kike na mawe kwenye aproni. Kilikuwa kizima. Nilisimama pale baina ya rafu na nilijua nikikaa chini sitasoma. Nilifungua kurasa za nyuma moja kwa moja. Kurasa zenyewe zilikuwa chache, za kutosha karanga za wateja watano sita.

Mvulana alivaa viatu. Akashuka ngazi. Fundi akamwambia maji hakuna, akateke. Akachukua ndoo, akaenda kisimani, akapanga foleni na wanawake, akarudi. Akashona soli mpaka adhuhuri. Hakwenda kwa mkubwa yeyote. Hakupiga hodi mahali. Jioni walipokuwa wanakula mkate alikumbuka kwamba siku imepita, akamtazama fundi, fundi akamtazama, na hakuna aliyesema kitu. Hadithi ikaisha hapo.

Niliirudia mara nyingi, nikitafuta mahali anapokwenda kujitambulisha, mpaka msichana wa maktaba akaniuliza kama naumwa. Ndiyo hivyo tu. Mjomba alitakiwa aamke, akaange karanga, apite uchochoroni kama siku zote. Balozi angeendelea kumwombea afya mpaka wazeeke wote wawili.

Dada yangu yuko hai, anakaa Ilala, ana wajukuu. Kila Maulidi ikifika huwa anataja zile siku kumi na kitu, na mimi humjibu kwamba ndiyo, hazikutimia.